Uzinduzi wa Gego Langu

Katika nchi ninayoisimulia hapa, ambayo sitaitaja jina kwa sababu jina lake nalo lina afisa wake na sijamwomba kibali, hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Watu wa nchi nyingine wakisikia hivyo hucheka. Sisi hatucheki. Tunaona wenzetu ndio wanaoishi ovyo, watu wanaofungua bomba wakanywa maji bila hata kujua nani aliyekata utepe.

Mtaani kwetu lipo daraja zuri la zege. Lilikamilika miaka mitatu iliyopita, ila mgeni rasmi bado hajapata nafasi. Kwa hiyo tunavuka mto pembeni yake, sketi zikiwa mkononi na maji magotini, na tukifika katikati tunainua macho kuliangalia na kujivunia. Mlinzi amewekwa pale asije mtu akalizoea kabla ya wakati. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano kwa sababu chumba cha darasa la sita kilijengwa upya na kikawa kinasubiri kuzinduliwa. Nilisubiri mwaka mmoja na nusu nje ya mlango wake, kisha nikaona ni afadhali nimsaidie mama kukaanga maandazi. Silaumu mtu. Nasikia chumba bado ni kipya kabisa.

Naitwa Siwema. Mimi na mama tunauza uji na maandazi nje ya zahanati ya wilaya, na habari hii inahusu gego langu la chini, upande wa kushoto.

*

Lilianza kuuma siku ya Jumatatu. Nilisukutua maji ya chumvi, nikang'ata kitunguu saumu, nikalala na kitambaa cha moto shavuni, na halikujali lolote kati ya hayo. Siku ya sita shavu lilikuwa limevimba hata wateja wakawa wananiuliza kama nimeficha andazi. Mama akanishika mkono, akanivusha barabara, akanipeleka kwa daktari wa meno wa zahanati.

Daktari Lugome alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama anaogopa kuwaamsha watu. Alikuwa hajang'oa jino kwa miezi minane. Kila asubuhi alifika saa moja na nusu, akapangusa koleo lake, akalirudisha kwenye sanduku, akaketi. Mbele yake palikuwa na kiti cha meno kipya, kikubwa kama kitanda, kimefunikwa kwa nailoni na kuzungushiwa utepe wa rangi za taifa. Kiti cha zamani kilikuwa kimesimama kwenye kona. Hicho kilistaafishwa kwa sherehe, kikapewa cheti, na kitu kilichostaafu hakiruhusiwi kufanya kazi. Kwa muda alijaribu kung'oa watu meno kwenye benchi, mpaka ukaja waraka unaosema ni aibu kwa mwananchi kung'olewa jino juu ya benchi wakati taifa lina kiti.

Aliniangalia kinywani kwa tochi akiwa amesimama, na mimi nimesimama, maana kusimama hakujakatazwa. Akasema gego lilipaswa kuwa limetoka juzi. Mama akamwambia basi alitoe leo. Daktari akakitazama kile kiti namna mtu anavyokitazama chakula cha jirani.

"Siwezi, mama. Lakini nakwambia ukweli, chini yake kuna usaha. Usaha huo ukishuka shingoni, hatutakuwa tunazungumzia jino tena."

Akanipa vidonge, akakaa chini, akaandika barua kwa Wizara ya Vinywa na Kauli, akiomba uzinduzi uharakishwe kwa kuwa mgonjwa amepatikana.

*

Majibu yalikuja kwa siku nne, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe. Wizara ilifurahi sana. Kumbe kilichokuwa kinachelewesha ni mgonjwa. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mzungwe, alikuwa ameshachoka kuzindua viti vitupu, na safari hii alitaka kung'oa jino kwa mkono wake, kama viongozi wengine wanavyopanda mti au kuweka tofali la kwanza.

Ikaundwa Kamati ya Maandalizi yenye watu kumi na tisa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Chambuso, afisa itifaki, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Walikuja wote kuliona gego. Kabla ya kuliona walimuuliza mama kama mimi ni mtu wa maneno mengi. Mama, ambaye hajui kudanganya, akajibu kwamba mtoto wake huyu hata kusalimia watu mpaka asukumwe. Wajumbe wakatazamana kwa furaha ya watu waliopata nyumba nzuri ya kupanga.

Kisha nikafungua kinywa, wakapanga foleni. Mpigapicha wa wizara alichungulia akarudi anatikisa kichwa. Akasema gego liko mbali mno, ni jeusi, na kamera haitaona chochote zaidi ya mkono wa Mheshimiwa ukipotea gizani. Hilo lilizua mjadala. Walijadili kuanzia saa nne mpaka saa sita, mimi nikiwa nimeacha kinywa wazi kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikifunge, na mwishoni wakapiga kura. Ikaamuliwa kwamba jino litakalong'olewa liwe la mbele, la juu. Kura zilikuwa kumi na tano dhidi ya nne, na wale wanne walitaka yang'olewe mawili.

Daktari Lugome akasema kwa sauti yake ndogo kwamba jino la mbele ni zima.

"Ndiyo maana tumelichagua," Bwana Chambuso akamwambia. "Mheshimiwa hawezi kupewa kitu kibovu. Wewe daktari ni mtaalamu wa meno, hatukatai. Sisi ni wataalamu wa shughuli."

Daktari akauliza gego litafanywa nini. Akajibiwa kwamba gego lipo kwenye awamu ya pili, ambayo itategemea bajeti.

Jioni ile mama alikoroga uji mpaka ukaungua, na mama haunguzi uji. Akaniambia watu wanatafuta maisha yao yote kushikwa mkono na waziri, na mimi nitashikwa jino. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo. Nikamwambia, "Mama, hilo silo linaloniuma." Akasema anajua. Kesho yake alifunga kanga mbili akaenda kwa Bwana Chambuso kuniombea, akarudi na kofia mbili za karatasi zenye picha ya Mheshimiwa, moja yake na moja yangu.

*

Tulifanya mazoezi siku tatu. Nilifundishwa kukaa, kuegemea, kufungua kinywa kwa kuhesabiwa na kukifunga kwa kuhesabiwa. Kwenye ratiba mimi nilikuwa kipengele cha kumi na nne. Mheshimiwa angesogea na kipaza sauti aniulize, kwa upendo, ni jino gani linanisumbua. Mimi nisingejibu kwa mdomo, maana watu wa itifaki hawapendi majibu. Ningeweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya jino la mbele, kwa sekunde tatu, huku natabasamu. Nililifanya zoezi hilo mara arobaini, na kila nilipogusa lile jino niliona jinsi lilivyo imara na lisivyo na hatia yoyote.

Wakati huo uvimbe ulikuwa umeshashuka kwenye taya. Nilikuwa nakunywa uji tu, kwa upande wa kulia, na usiku nilikuwa nakaa kitako kitandani nikisubiri kuche. Mama alikuwa anakuja kunipima shingo kwa vidole, akidhani nimelala. Bwana Chambuso aliuona uvimbe akasema hautasumbua, nitapigwa picha upande wa pili.

*

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya kumi na nane tangu gego lianze. Yalifungwa maturubai matatu. Ratiba ilisema Mheshimiwa angefika saa tatu asubuhi, na mimi ningechomwa sindano ya ganzi saa nne kamili. Saa nne kamili nikachomwa, kwenye ufizi wa mbele, ingawa Mheshimiwa alikuwa bado hajaondoka kwake. Alifika saa saba. Kufikia hapo ganzi ilikuwa imekwisha, midomo imerudi, kila kitu kinasikia. Daktari aliomba anichome tena. Akaonyeshwa kwamba ratiba ina sindano moja.

Kiti kilikuwa kimetolewa nje, kikawekwa jukwaani, na mimi juu yake, kwa kibali maalumu cha kukalia bila kutumia. Kwaya ya wauguzi iliimba wimbo wenye beti kumi na moja kuhusu meno na maendeleo. Risala ilisomwa. Mshereheshaji akasema itifaki imezingatiwa, kisha akataja majina ya wote waliozingatiwa.

Mheshimiwa Mzungwe alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye meno meupe kuliko shati lake. Daktari alikuwa ameninong'oneza kwamba yote yalitengenezwa nje ya nchi, na kwamba ukarabati hufanyika huko huko kila mwaka. Alihutubia saa moja na dakika ishirini. Alisema zamani taifa hili lilikuwa na kiti cha meno kimoja tu, na leo linavyo viwili, na kimoja kati ya hivyo kitatumika hivi karibuni. Alisema kila mwananchi ana meno thelathini na mawili, na ukizidisha kwa idadi yetu utagundua kwamba hakuna jirani anayetufikia kwa meno.

"Wapo wanaobeza," akasema. "Wanauliza kiti kimoja kitatoshaje wilaya nzima. Mimi nawauliza, wao wana makalio mangapi?"

Watu wakapiga makofi, wengine wakajitazama nyuma kuhakiki.

Kikafika kipengele cha kumi na nne. Msichana mmoja wa itifaki akaleta koleo juu ya mto mwekundu. Mheshimiwa akavishwa koti jeupe juu ya suti, akachukua koleo, akageuka kwa kamera, akageuka tena kwa kamera ya pili, kisha akanisogelea na kuniuliza kwenye kipaza sauti ni jino gani linanisumbua.

Sitaki mtu adhani nilikuwa jasiri. Kama ningeweza kuzama ardhini, ningezama. Nilimwona mama mstari wa pili na kofia yake ya karatasi, ameshika shingo yake mwenyewe. Nikainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Kikapita jino la mbele, kikaingia ndani, kikaenda hadi kwenye gego, kikakaa hapo. Sekunde tatu, nne, tano. Bwana Chambuso akakohoa. Akakohoa tena. Kidole hakikutoka.

Mheshimiwa hakujua lolote kuhusu kura zile. Akainama, mikono magotini, kama mtu anayemtafuta kuku chini ya kitanda.

"Fungua vizuri, binti yangu," akasema kwa watu wote. "Serikali ione."

Nikafungua vizuri. Na nilipofungua hadi mwisho, lile jipu lililokuwa limejaa chini ya gego kwa siku kumi na nane likapasuka lenyewe.

Mheshimiwa alikuwa Waziri wa Vinywa kwa miaka tisa. Nadhani ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuangalia ndani ya kinywa cha mwananchi. Alikiona, na harufu yake ikamfikia. Uso ukapoteza rangi kuanzia juu kushuka chini, koleo likadondoka, magoti yakakunjika. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, kwa hiyo wilaya nzima ilisikia neno alilosema kabla hajaanguka, nalo lilikuwa "Mama."

*

Nchi yetu ina mapungufu yake, lakini haijawahi kukosa la kusema. Mimi nilivutwa mkono nikashushwa, Mheshimiwa akanyanyuliwa na watu sita akalazwa kwenye kiti, na kabla hajatulia vizuri mshereheshaji alikuwa ameshachukua kipaza sauti. Akatangaza kwamba Mheshimiwa ameamua kukilalia kiti yeye kwanza, ili kujiridhisha na usalama wa mwananchi. Akawaomba watu wapige makofi ya kilo tatu. Yakapigwa. Bwana Chambuso akaingiza vidole vya Mheshimiwa kwenye mkasi, akavikunja kimoja kimoja, na utepe ukakatika. Bendi ikapiga. Mheshimiwa akapelekwa garini akiwa bado amevaa koti jeupe, msafara ukaondoka kwa ving'ora, na baada ya dakika mbili turubai la jukwaani lilikuwa tupu, kwa sababu kwenye turubai la pili kulikuwa na pilau.

Tukabaki watatu, mimi, mama na Daktari Lugome. Na kiti.

Daktari alikizunguka. Akagusa kipande cha utepe kilichokatika, akakiangalia pande zote mbili kana kwamba anatafuta muhuri.

"Kimezinduliwa," akasema taratibu. "Kaa, Siwema."

Mama akaenda kusimama kwenye ngazi ya jukwaa, mikono kiunoni, akiwa amewapa mgongo watu wa pilau. Daktari akanichoma ganzi mahali panapouma. Akasubiri dakika kumi kwa saa yake, na katika dakika hizo kumi hakuna aliyehutubia. Kisha akaokota koleo, akaliosha kwa dawa, akaliingiza. Aliliegemeza gego huku, akaliegemeza kule, bila haraka, kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu na hataki uvunjikie ardhini. Nikasikia mlio ndani ya kichwa. Halafu likawa kwenye bakuli.

Nililia sana. Daktari akauliza kama nimeumia. Nikatikisa kichwa kukataa.

*

Alikuwa ndiyo kwanza ananiwekea pamba, Bwana Chambuso akarudi anafuta mdomo. Alikuwa na fomu. Kipengele cha kumi na nne kilisema jino, na taarifa ya utekelezaji ilitakiwa wizarani kabla ya saa kumi jioni, jino likiwa limeambatanishwa. Akanitazama jino la mbele.

"Mkalishe tena," akamwambia daktari. "Mheshimiwa hayupo, lakini tutaandika kwa niaba yake."

Daktari Lugome alisimama kati yetu. Hakupandisha sauti, sidhani kama anayo ya kupandisha, lakini alisimama, na koleo lilikuwa mkononi. Kwa mkono mwingine akanyanyua bakuli.

"Jino mnalo," akasema.

Bwana Chambuso akaliangalia gego. Akasema hilo haliwezekani, limeng'olewa baada ya sherehe kufungwa, na limetoka kwa mtu ambaye kwa wakati huo hakuwa kwenye ratiba. Akataka kujua hapo kwenye nafasi ya "jina la aliyeng'olewa" yeye ataandika nini.

Mama hakugeuka. Alisema palepale kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mteja njia.

"Kwani, baba, aliyelazwa kwenye kiti mbele ya watu wote alikuwa nani?"

Bwana Chambuso akakitazama kiti, kisha fomu. Nilimwona akifikiri. Ilichukua muda. Kisha akatoa ile kalamu ya pili, ambayo kumbe nayo inaandika, akajaza fomu, akalifunga gego langu kwenye karatasi laini ya mezani, akalitia mfukoni mwa koti upande wa moyo.

*

Redio ilitangaza jioni hiyo hiyo. Mheshimiwa Mzungwe, aliyekuwa akiteseka kimya kimya kwa maumivu ya jino ili asiwatie wananchi hofu, alikuwa ameng'olewa gego katika zahanati ya kawaida, kwenye kiti cha kawaida, hadharani, bila kulia. Aliondoka siku iliyofuata kwenda nje ya nchi kupumzika. Magazeti yaliandika kwamba ni kiongozi wa kwanza kutibiwa nyumbani.

Kile kiti sasa hakitumiki. Kimezungushiwa kamba, kwa kuwa ni mahali alipolala Mheshimiwa, na watoto wa shule huletwa kukiona. Cha tatu kimeagizwa. Daktari Lugome anapangusa koleo lake kila asubuhi, na mimi humpelekea uji, maana ndiye mtu pekee katika wilaya ninayemsalimia bila kusukumwa.

Gego liko kwenye makumbusho ya taifa. Mwezi uliopita tulikwenda kuliona, mimi na mama, tukiwa tumevaa vizuri. Liko ndani ya kioo, juu ya kitambaa cha kijani, na taa yake. Bwana mmoja mwenye fimbo nyembamba alikuwa anawaeleza watu kwamba tundu lile jeusi lilitokana na miaka mingi ya kutafuna matatizo ya wananchi. Mzee mmoja mbele yetu alivua kofia. Niliinama karibu nikautambua ule mzizi uliopinda, daktari alikuwa amenionyesha, na bwana wa fimbo akaniambia dada nisogee nyuma, nisilipumulie.

Mama akamuuliza kwa heshima kama mwenyewe sasa haumwi.

"Haumwi kabisa, mama. Ni mzima."

"Afadhali," mama akasema. "Maana usiku alikuwa halali. Alikuwa anakaa kitako kitandani mpaka kunakucha, siku kumi na nane. Uji tu, tena kwa upande wa kulia."

Bwana yule akamshukuru sana, akaandika kwenye kijitabu chake. Tulipofika mlangoni nilimsikia akiwaeleza wageni waliofuata kwamba Mheshimiwa hakulala siku kumi na nane, na kwamba alikuwa anakunywa uji tu, tena kwa upande wa kulia. Watu wakaguna kwa huruma. Mama akanishika mkono, tukatoka.